Tezi dume kwa mvuke: ganzi peke yake inatosha?

Mtanga_Leicester
Shikamooni wakubwa. Nina miaka 66. Usiku naamka mara tano, na nikifika chooni nasimama kama nasubiri daladala, mkojo wenyewe uzi. Tezi imepimwa, mililita 52, na saratani hawajaiona. Kwa kuwa moyo wangu si mzima, daktari hataki nusu kaputi. Anasema Rezum, ule mvuke wa maji, kwa ganzi tu. Aliyefanyiwa akiwa macho aniambie inauma kiasi gani. Za mbegu za maboga nimeshasikia.

Babu_Kilindini
Marahaba mdogo wangu. Mimi nina 71, nilifanyiwa Februari, hapahapa Uingereza. Ganzi zilikuwa mbili. Kwanza jeli ya lidokeini kwenye njia ya mkojo: baridi, halafu inawasha. Kisha kile kipimo cha ultrasaundi kikapitishwa nyuma, na sindano zikachomwa ubavuni mwa tezi, kulia na kushoto. Aibu iliniuma kuliko sindano, wallahi.
Mvuke kila mchomo ni sekunde tisa. Nesi anahesabu kwa Kiingereza, mimi nahesabu zangu kimoyomoyo. Moja mpaka sita, shwari. Saba, joto linapanda na unabanwa na mkojo kufa mtu. Tisa, basi. Nilichomwa mara sita.

Mtanga_Leicester
Na mpira wa mkojo?

Babu_Kilindini
Hapo ndipo penye kazi. Siku tano na mfuko pajani. Suruali ya jinzi isahau, tafuta kikoi. Ukitolewa mpira mkojo unachoma, na damudamu utaiona. Mimi nafuu niliihisi wiki ya sita. Kabla ya hapo nilishaanza kumlaani daktari.

Nesi_wa_Theta
Babu kasema kweli. Ile ya kukwangua tezi kwa waya wa umeme ndiyo inayotaka sindano ya mgongo au nusu kaputi. Mvuke haukati kitu. Unaua nyama iliyozidi, mwili unaifyonza taratibu, ndiyo maana nafuu inachelewa. Baba, kwa kuwa una moyo, dawa za kuzuia damu kuganda zitaje zote mapema, na usiziache kwa uamuzi wako. Wakikupa kidonge cha kukutuliza, usiendeshe gari kurudi.

Mtanga_Leicester
Mwanangu ataendesha. Kikoi ninacho, kile cha Idi.