Laibrari imekula "la" ya Mang'ola, halafu wanasema iko sawa!

Wakuu, uvumilivu umenishinda.

Nina mteja soko la Kilombero hapa Arusha, mzee wa vitunguu. Nilimtengenezea daftari la mauzo kwa JavaScript, kwa laibrari moja ya data (jina nalihifadhi kwanza). Kila mstari ni baiti 16 kamili: uzito 4, bei 4, mzigo umetoka wapi 8. Faili jepesi, linapita hata mtandao ukisuasua. Zamani laibrari ilikuwa ya namba tu, maneno nikiyapachika kwa mkono baiti moja moja. Toleo jipya likaja na aina ya stringi, yaani maneno. Nikashangilia kama mjinga, nikafuta msimbo wangu.

Juzi mzee kanipigia: "Kijana, tangu lini mimi nauza maembe?"

Nikaenda. Risiti imeandikwa Mang’o.

Mang'ola, jamani, kule vitunguu vinakotoka! Kwangu nilijaribu ikakaa vizuri, kwa sababu kibodi yangu inaandika kile kialama cha ng' kikiwa kimenyooka, baiti moja. Simu ya karani inakipinda, na kwenye UTF-8, mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti ambao laibrari inautumia, kilichopinda ni baiti 3. Jumla 10. Maelezo ya wenye laibrari yanasema nafasi ni "herufi 8". Haya hesabu: M-a-n-g-’-o-l-a. Nane! Hata length ya JavaScript inasema 8, maana yenyewe inahesabu kwa UTF-16, mfumo mwingine ambao kialama hicho ni kimoja tu. Baiti mbili za mwisho zikatupwa, hakuna kosa wala onyo. Lumbesa sokoni angalau unaiona kwa macho.

Na sigombi kwa sababu nafasi ni ndogo. Ni ndogo, sawa, basi kataa! encodeInto ya TextEncoder, chombo cha JavaScript cha kugeuza maneno kuwa baiti, inarudisha imesoma herufi ngapi na imeandika baiti ngapi. Hapa imesoma 6, neno lina 8. Sharti moja tu lingetosha. Nimewaandikia, wakanijibu niongeze ukubwa wa nafasi. Niongeze vipi wakati mafaili yote ya nyuma yamepangwa kwa baiti 16? Msimbo wangu niliofuta, kwa taarifa yenu, ulikuwa unakinyoosha kile kialama kwanza.

Kuna mdau anajua laibrari inayokataa badala ya kukata? Mzee anataka risiti zake zichapwe upya kabla ya Jumamosi, na karani kashaanza kuandika "Mangola".