Naomba ushauri: viputo vinapanda polepole hata kabla ya kuweka sabuni

Wakuu, napima kwa kamera kasi ya viputo vya hewa vyenye kipenyo cha karibu milimita 1 vikipanda ndani ya maji. Nilitarajia sabuni ipunguze mwendo: molekuli zake hung'ang'ania uso wa kiputo, maji yanazisukuma zirundikane upande wa nyuma, mvutano wa uso unapungua huko kuliko mbele, basi uso unakakamaa na kiputo kinapanda kama gololi. Kwa viputo vidogo mno, hesabu za wanasayansi Hadamard na Rybczyński za 1911 zinasema chenye uso safi hupanda mara 1.5 ya kile kilichokakamaa.

Kinachonishinda ni maji matupu. Bila sabuni napata takriban sentimita 12 kwa sekunde, nami nilitegemea zaidi ya 20. Nikiweka tone la sabuni, hakuna badiliko! Nahisi maji yalishachafuka, ila nimetumia yaliyokenekwa. Je, ni mpira wa kupitishia hewa, au vidole vyangu? Na je, nipime karibu na tundu kiputo kinapotokea, kabla kiputo hakijazoa uchafu njiani? Aliyewahi kuhangaika na hili anisaidie.