Maduara (mashimo wima ya migodi) yaliyoachwa kando ya njia za kileleni: yafukiwe au yawekewe nondo?

Mlinzi wa Njia: Njia nyingi za kupandia milima zilianza kama barabara za wachimbaji, ndiyo maana zinapita pembeni kabisa ya maduara. Yafukiwe yote. Uzio hukatwa, vibao huibwa. Tena ukingo wa duara huliwa kutokea chini: anayechungulia anadhani kakanyaga ardhi, kumbe ni ganda tu.

Fundi Baruti: Kufukia si kumwaga mawe ukaondoka. Wachimbaji wa zamani walijenga majukwaa ya mbao katikati ya duara. Kifusi kikikaa juu yake utadhani limejaa. Mbao zikioza, kinashuka chote kwa mpigo. Teremsha kamba yenye uzito, kisha linganisha kina na ramani ya mgodi. Kama chini kuna njia ya mlalo, yaani handaki la mgodi, kifusi kitakimbilia humo, kwa hiyo anza na mawe makubwa yatakayokabana, fuatisha madogo, udongo mwisho. Juu acha kichuguu maji yasituame, na urudi baada ya mvua kuongeza, maana lazima kitashuka.

Rafiki wa Popo: Haya, hilo ni duara. Njia za mlalo ni makazi ya popo. Nondo za mlalo zilizoachana kama sentimita 14.5 zinampitisha popo, mtu mzima hapiti. Na zisifungwe popo wakiwa wananyonyesha.

Maji Mekundu: Mbona hamtaji maji? Pairiti, madini ya chuma na salfa, ikikutana na maji na hewa hutoa asidi, nayo huyeyusha metali. Ndiyo yale maji ya rangi ya kutu mnayoyaruka njiani. Ukiziba mdomo wa mgodi, maji yanaendelea kuingia, na kila mita 10 za kimo cha maji huongeza takriban baa 1 ya shinikizo. Agosti 2015, mgodi wa Gold King huko Colorado, Marekani: mdomo ulikuwa umezibwa na kifusi, mafundi wakachimbua bila kupima shinikizo la nyuma yake, yakafumuka maji takriban lita milioni 11 hadi mto Animas. Mdomo unaotiririsha uwekewe bomba. Na msitegemee mawe ya chokaa peke yake, yakishavikwa kutu hayapunguzi asidi tena.

Mlinzi wa Njia: La maji nimekubali. Ila nondo hazizuii mwenye msumeno, na huyo huingia na kibiriti akiamini kinapima hewa.

Fundi Baruti: Hakipimi. Monoksidi ya kaboni inaua huku moto ukiwaka vizuri tu. Andikeni hilo kwenye kibao, badala ya "Hatari".