Fort Worth wanauza ukauboi. Je, na Fred Rouse atajwe pale pale?

Mleta mada (Dodoma)

Wadau, habari za saa hizi. Juni mwaka huu wa 2025 nilikuwa Texas kwa dada yangu, na tangu nirudi kuna jambo limenikaa kooni. Nalileta kwenu mlichambue, na anayeona natafuta makuu aseme tu.

Mji wenyewe ni Fort Worth. Ulianza mwaka 1849 kama kambi ya jeshi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ukawa kituo cha makauboi waliokuwa wakiswaga ng'ombe kwenda Kansas kwa njia ya Chisholm. Reli ikafika 1876, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 viwanda viwili vikubwa vya nyama, Armour na Swift, vikajengwa kando ya mazizi. Leo mji umepita watu milioni moja. Mazizi yale, Stockyards, siku hizi yanaishi kwa watalii: kofia, viatu vya ngozi, nyama choma, rodeo (mashindano ya makauboi) ndani ya ukumbi uliojengwa 1908.

Mimi ni mtoto wa mfugaji, kwa hiyo nilifika pale na dharau kidogo. Saa tano na nusu asubuhi watu wakajipanga kando ya barabara ya matofali ya Exchange Avenue, na ng'ombe kumi na kitu wakapitishwa katikati. Pembe zao, usiombe! Ncha hadi ncha karibu mita mbili. Wanatembea kama wazee wanaotoka msibani, hawana haraka na mtu, na nyuma yao wapanda farasi waliovaa kama miaka ya 1880. Mpwa wangu wa miaka sita akaniuliza nadhani wanapelekwa wapi. Nikamwambia malishoni. Akacheka. "Mjomba, hawaendi popote. Wanazunguka pale, halafu saa kumi wanapita tena." Kumbe ameshawaona mara nne.

Jioni mzee mmoja Mmarekani Mweusi, jirani wa dada, akanihoji nimeona nini. Nikamwambia. Akasema twende gari, nikuoneshe kona moja. Akatupeleka mpaka Samuels Avenue, mahali penye kibao cha kumbukumbu na magari yanapita kama hakuna kitu. Akasimulia kwa sauti ya chini. Desemba 1921 wafanyakazi wa viwanda vya nyama walikuwa kwenye mgomo. Fred Rouse, mtu mweusi, baba wa watoto watatu, alipata kazi Swift wakati huo wa mgomo. Tarehe 6 alipokuwa akitoka kazini, waliogoma wakamvamia. Risasi zikapigwa, watu wawili wakajeruhiwa, na yeye akapigwa mpaka wakadhani amekufa. Siku tano baadaye kundi la Wazungu likamtoa kitandani hospitalini, likamtundika kwenye mti hapo Samuels Avenue, likammiminia risasi.

Sasa hoja yangu. Kibao kipo alipofia, sawa. Lakini kazi iliyomponza ilikuwa kule kwenye mazizi, mwisho wa barabara ile ile ninayopigia picha za ng'ombe. Nilizunguka pale siku nzima sikuliona jina lake. Nilichokiona ni sanamu ya Bill Pickett akimwangusha fahali, na ni sanamu nzuri kweli. Pickett alikuwa mweusi, na ndiye aliyeupatia umaarufu mchezo wa kumrukia fahali kutoka juu ya farasi na kumlaza kwa pembe. Kuna mashindano ilibidi atambulishwe kama Mhindi Mwekundu ndipo aruhusiwe kuingia. Mtalii anaondoka anajua Pickett alikuwa shujaa, hajui kwamba geti lilikuwa limefungwa.

Na haya si ya zamani tu. Machi 27 mwaka huu Rais Trump alitia saini amri inayotaka maeneo ya kihistoria ya serikali kuu yasiwe na maandishi yanayowadhalilisha Wamarekani waliopita. Hifadhi za taifa zikabandikiwa matangazo ya kumwomba mgeni aripoti akiona maandishi ya namna hiyo. Agosti halmashauri ya Fort Worth yenyewe ikapiga kura kusitisha programu zake za usawa na ujumuishaji, hofu ikiwa kunyimwa fedha za serikali kuu. Stockyards si hifadhi ya taifa, amri ile haiwagusi moja kwa moja. Ila upepo unajulikana unavuma kutoka wapi.

Msimamo wangu: mji unaokula kwa historia uisimulie pale pale unapopatia riziki, sio kwenye kona ambayo mgeni hapiti. Nawasilisha.

Mchangiaji (Mombasa)

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho lakini sikubaliani nawe. Nimefanya kazi ya kutembeza wageni miaka kumi na mbili. Mtu amebeba watoto, kuna joto, amelipa, anataka soda na picha. Ukimsimamisha kando ya ng'ombe umsimulie mtu aliyetundikwa, utamkosa yeye na hutamfaidia marehemu. Kila kitu na mahali pake. Hiyo kona ya Samuels Avenue ndipo mahali pake, anayetaka atafika, kama ulivyofika wewe.

Halafu tuangalie riziki za watu. Mwakani Kombe la Dunia linachezwa hapo Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth, mechi tisa. Wageni wote hao watataka kofia. Kijana anayewapandisha watoto juu ya ng'ombe aliyefugwa wapigwe picha, umpe na mzigo wa mwaka 1921?

Mchangiaji (Iringa)

Kofia ulinunua au hukununua? Tujue tunajadiliana na nani.

Mchangiaji (Unguja)

Ndugu yangu wa Dodoma, nakuunga mkono nusu, nusu nyengine nna maneno nayo.

Sisi huku tunayo Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa 1873, wamishonari wakajenga kanisa papo hapo, na mgeni anaoneshwa madhabahu akiambiwa ndipo palipokuwa na mti wa kuchapia watu. Nje kuna shimo na sanamu za watu wamefungwa minyororo shingoni, zilizochongwa na msanii wa Kiswidi, Clara Sörnäs. Hayo ndiyo unayoyataka wewe: historia isimuliwe pale pale, pakavu, bila kupaka mafuta. Sasa njoo uone. Mgeni anashuka vile vyumba vya chini, anainama, anatoa machozi mawili, anatoka. Mwenzake anamwambia asimame mbele ya lile shimo, na anacheka kwa ajili ya picha. Saa moja usiku yuko Forodhani anakula mishkaki. Uchungu wetu umekuwa kituo cha tatu cha matembezi, baada ya soko la Darajani na kabla ya duka la vikoi.

Na juu ya hayo, wapo wanahistoria wanaosema vile vyumba vya chini ni vya jengo la wamishonari lililojengwa soko likiwa limeshafungwa, kwa hiyo hakuna mtumwa aliyelala mle. Lakini vinauza, na kinachouza hakiguswi. Kwa hiyo nakuuliza: ukishafanikiwa, Fred Rouse akawekewa kibao baina ya duka la kofia na mkahawa, miaka mitano baadaye atakuwa nani? Si atakuwa naye anauzwa?

Mchangiaji (Fort Worth)

Kaka zangu, mimi niko hapa hapa Fort Worth. Mimi ni Mkongo wa Fizi, nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na saba, nikaletwa hapa 2016 na mke na watoto wanne. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa nyama. Sitaji kampuni. Unasimama saa kumi na kisu, baridi ya friji inaingia kwenye mifupa, vidole usiku havikunjiki.

Nimesoma habari ya huyu Rouse mara tatu. Nyinyi mnaongea juu ya kibao. Mimi naona kazi. Alipewa nafasi ya mtu aliyegoma. Hakuanzisha yeye ule ugomvi, alitafuta chakula ya watoto. Sisi tulipofika kwenye ile kazi kuna watu walituangalia vibaya, wakasema tumekuja kushusha mshahara. Mwenye kiwanda hakuna aliyemwangalia vibaya. Hiyo stori ya 1921 ingeandikwa pale mazizini, mimi ningeisoma siku ya kwanza, na ningejua ninasimama wapi. Mtalii wa Mombasa aendelee na soda yake. Sisi wengine tunapita pale pia, na sisi si watalii.

Kitu kingine mmekiacha. Hawa watu weusi wa hapa hawajangoja mtu awaandikie. Juni 19 mwaka huu nilitembea na watoto maili mbili na nusu ile ya Mama Opal Lee. Ni maili mbili na nusu kwa sababu uhuru wa watumwa ulitangazwa Januari 1863, na habari ilifika Galveston, hapa Texas, Juni 1865: miaka miwili na nusu watu wanalima bure na walishakuwa huru. Huyu mama alipokuwa na miaka kumi na miwili nyumba yao hapa Fort Worth ilivamiwa na kuharibiwa na kundi la Wazungu, na tarehe ilikuwa Juni 19, 1939. Akiwa na miaka themanini na tisa aliondoka hapa kwa miguu kuelekea Washington kudai Juni 19 iwe sikukuu, na 2021 ikawa sikukuu ya taifa. Kile kiwanja cha wazazi wake alikirudishiwa kwa dola kumi, akajengewa nyumba, anaishi humo. Mleta mada, ulikuwa hapa Juni na hukuambiwa?

Na hapo North Main, njia ya kutoka mjini kwenda Stockyards, kuna jengo kubwa la matofali lilikuwa ukumbi wa Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi, miaka ya 1920. Muungano wa mashirika ya hapa umelinunua, wanataka liwe kituo cha sanaa chenye jina la Fred Rouse. Hiyo naipenda kuliko kibao. Kibao unasoma, unaondoka. Nyumba unaingia, watoto wanafundishwa ngoma ndani.

Juu ya habari za sasa, mimi nina yangu. Januari 20 rais alisimamisha kupokea wakimbizi. Mdogo wangu yuko Nyarugusu, alishamaliza hospitali, alishamaliza interview. Sasa anangoja, na hajui anangoja nini. Kwa hiyo mkisema historia ya Marekani, mimi nafikiri na yeye yumo.

Mchangiaji (Mombasa)

Ndugu wa Fort Worth, pole kwa mdogo wako. Hapo kwenye "sisi si watalii" umenibana, nakiri. Lakini mfanyakazi wa kutembeza wageni bado atabaki na swali langu: nani atasimulia? Ukimpa yule kijana wa farasi karatasi akariri, atasimulia vibaya.

Mleta mada (Dodoma)

Nawashukuru wote. Nianze na wa Iringa: ndiyo, nilinunua kofia. Fundi aliishika juu ya mvuke mpaka ikalainika, akaikunja ukingo kwa vidole, akanitazama uso, akaikunja tena. Nimeivaa mpaka uwanja wa ndege. Kwa hiyo mimi sio mtakatifu katika hili.

Mzee wa Unguja, hoja yako imenikosesha usingizi. Hata hivyo umesema mwenyewe vyumba vile vinabishaniwa. Vinabishaniwa kwa sababu vipo, watu wanaingia, wanahistoria wanauliza. Kisichotajwa hakibishaniwi. Na kama maandishi ukutani hayana nguvu yoyote zaidi ya kuwa mandhari ya picha, rais wa nchi kubwa kama ile asingetia saini amri kwa ajili yake. Mwenye kutaka kufuta anajua thamani ya wino kuliko sisi tunaoutetea.

Wa Mombasa, nani atasimulia? Lugha yenyewe ya pale inasimulia ukiitikisa kidogo. Rodeo ni Kihispania. Ranchi vile vile, imetoka kwenye rancho. Makauboi wa Texas walijifunza kazi kwa wachungaji wa Kimeksiko, na wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika kila makauboi wanne, mmoja alikuwa mweusi. Kijana wa farasi akisema hilo tu, sentensi mbili, ng'ombe wakiwa wanapita, hakuna mtoto atakayelia. Ninachotaka ni geti litajwe pamoja na shujaa. Rouse naye atajwe kwa jina, mahali alipokuwa akipokea mshahara.

Ndugu wa Fort Worth, kwako nimeshindwa. Nilikuja nikidhani nawasemea watu wa aina yako, kumbe nilikuwa nawatazama kutoka upande wa watalii. Habari ya Mama Opal Lee nilionyeshwa kwenye televisheni kwa dada, nikaona ni sherehe, nikaendelea kula. Hiyo nyumba ya North Main tulipita mbele yake mara mbili bila mtu kuniambia.

Mchangiaji (Fort Worth)

Hakuna neno, kaka. Ukirudi nipigie kabla hujafika kwa dada. Wale ng'ombe tutawaangalia pia, watoto wangu wanawapenda, mke wangu anasema ni kama ng'ombe wa Banyamulenge, wale wafugaji wa kwetu Kongo, waliopotea njia. Ila tutaanza Samuels Avenue, asubuhi. Mchana hapana, hakuna kivuli pale, ule mti walishaukata.