Mjadala: Kwenda Kongo wakati huu, mtu azuiwe au apime mwenyewe?

Muuza Dagaa Kirumba
Wakuu, naomba tujadili bila matusi. Mimi na mdogo wangu tunafanya biashara ya dagaa hapa Kirumba, Mwanza. Mzigo wetu mwingi unakwenda Lubumbashi, na kuna mteja kule ana deni letu la muda mrefu. Sasa anasema atalipa, ila mdogo wangu amfuate mwenyewe. Akitoka hapo anataka apitie Bukavu, kuna mteja mpya. Nyumbani pamechafuka. Mama anasema Kongo ni vita, haendi mtu. Mimi nimefika mahali naona serikali ingepiga marufuku tu raia kwenda nchi yenye vita, familia zipumue. Mnaonaje?

Gia Namba Nane
Lubumbashi ipi hiyo yenye vita? Malori yanatoka bandarini Dar, Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Chingola, Kasumbalesa, kila siku iendayo kwa Mungu. Kutoka Lubumbashi hadi Goma, kule mashariki kwenye vita, ni zaidi ya kilomita 1,000 hata ukipita angani. Kongo inameza Tanzania mbili na chenji inabaki! Hatari ya upande ule ni wezi wa kwenye foleni. Gari limesimama usiku, wanapasua turubai, wananyonya mafuta, ukishuka unakutana na panga. Dawa yake inajulikana: usitembee usiku, egesha yadi yenye walinzi, dola zisikae sehemu moja. Marufuku ikija, Tunduma yote inalala njaa. Safari zingekuwa zinapangwa na akina mama, hakuna lori lingevuka mpaka.

Mwalimu wa Jiografia
Tusichanganye mambo. Lubumbashi iko chini ya serikali ya Kinshasa na tuna ubalozi mdogo pale. Bukavu waasi wa M23 waliichukua katikati ya Februari 2025, Goma mwishoni mwa Januari mwaka huo huo. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, benki zikafunga milango, watu wakawa wanavuka Gisenyi, upande wa Rwanda, kutafuta noti. Kwa mtu anayefuata biashara Bukavu, swali la kwanza ni hilo: fedha itapita wapi? La pili, pasipoti ikigongwa muhuri na M23, akirudi upande wa Kinshasa atamweleza nini afisa wa DGM, uhamiaji wa Kongo? La tatu, akikamatwa, ubalozi utampigia nani simu?

Na umbali peke yake si kinga. Goma ilipoanguka, tarehe 28 Januari waandamanaji walivamia balozi kadhaa Kinshasa, upande wa pili kabisa wa nchi. Ya Kenya ikaporwa. Lubumbashi nayo isionekane pepo: Machi 2013 Bakata Katanga, wapiganaji wanaotaka Katanga ijitenge, waliingia mjini na silaha.

Mama Nasra Temeke
Gia Namba Nane, umeandika vizuri mpaka mstari wako wa mwisho. Nikujibu mimi mama.

Kaka yangu alikuwa utingo. Aliuawa kwenye foleni upande wa Kongo, wakachukua simu na dola za dereva. Tuliambiwa na dereva mwenzake, siyo tajiri mwenye lori. Kuutoa mwili tulichangishana ukoo mzima, kila mpaka na karatasi yake, kila karatasi na hela yake. Tajiri alikuja msibani na gunia la mchele na bahasha, akakaa mkekani robo saa, akaaga. Shemeji yangu alibaki na watoto wanaotambaa. Sasa niambie, mwanamke huyo akisema mwanawe haendi, ni woga?

Gia Namba Nane
Pole sana dada, Mungu amrehemu. Lakini sikumtaja ndugu yako. Nimesema kuhusu kuamua. Nimezika wenzangu wengi kutoka Mikumi na Kitonga kuliko kutoka Kongo, na hakuna mama aliyesema tusipite Kitonga.

Mama Nasra Temeke
Wanaokufa Kitonga tunawazika keshokutwa. Kongo tulisubiri mpaka tukakata tamaa. Usilinganishe.

Chifu wa Kinondoni
Mnakuza mambo. Wakongo wenyewe wanaishi humo humo, wanaoa, wanacheza muziki. Wameshazoea risasi. Aende tu, auze dagaa. Ingawa nakumbuka balozi wa Italia aliuawa pale Goma mjini, sijui mwaka gani.

Mwana Kadutu
Mi niko mtu wa Bukavu, nilikomalia Kadutu, mtaa wa pale, sasa niko Norwe. Chifu, futa ile neno. Hakuna mtu anazoea risasi. Mama yangu ana miaka mingi na bado akisikia mlango unapigwa usiku anazima taa na kulala chini. Watu wanaoa kwa sababu maisha haisubiri. Hiyo usiite mazoea.

Na huyu mtu wa dagaa, nikusaidie. Usimuulize mteja kama kuna usalama. Mteja anataka mzigo, atasema kuko sawa. Uliza mtu asiye na faida kwako: mama anayeuza sokoni Kadutu, padri, mwalimu. Na usiulize "kuna amani?" Uliza: leo ulifungua duka? Watoto walienda shule? Barabara ya Kavumu, ya uwanja wa ndege, inapita, na mpaka saa ngapi? Usiku ulisikia nini? Majibu ya wiki iliyopita tupa, uliza tena asubuhi ya kuondoka.

Chifu wa Kinondoni
Sikumtukana mtu. Mbona mnakuwa wepesi wa kuumia?

Mwana Ujiji
Chifu, sisi wa Kigoma tumewaona wanavyoshuka na mitumbwi na godoro kichwani. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Mtu aliyezoea risasi hakimbii na godoro. Omba radhi tuendelee.

Kuhusu marufuku, anayedhani itafanya kazi hajakaa ufukweni. Ziwa Tanganyika halina geti. Ukizuia, mfanyabiashara atavuka usiku, hataaga popote, na siku akipotea hakuna afisa anayejua kama alitoka nchini. Afadhali aende anajulikana.

Mwalimu wa Jiografia
Balozi wa Italia ni Luca Attanasio, 22 Februari 2021. Hakushambuliwa mjini, ni barabara ya Goma kwenda Rutshuru, kwenye msafara wa Shirika la Chakula Duniani, yeye, mlinzi wake na dereva Mkongo. Barabara hiyo ilikuwa imeruhusiwa kupitika bila ulinzi wa kijeshi. Naomba mtu ajibu hapo: kama msafara wa Umoja wa Mataifa uliambiwa njia ni salama, mfanyabiashara wa dagaa anapimaje?

Mkenya wa Thika
Na yale matahadhari ya balozi za wazungu, kwamba raia wao wasiende nchi fulani, msiyachukulie kama msahafu. Juni 25, 2024 bunge letu lilivamiwa Nairobi, watu wakapigwa risasi barabarani, na mimi siku hiyo nilifungua duka Thika kama kawaida. Nchi nzima ilipakwa rangi moja kwenye habari.

Chifu wa Kinondoni
Haswa. Na sisi Oktoba 29, 2025? Intaneti ilizimwa, Dar tukawekewa amri ya kutotoka nje. Wageni wakaambiwa wasije. Sasa na sisi ni nchi ya vita?

Mama Nasra Temeke
Chifu, siku zile ulikuwa unatoka nje usiku? Hukutoka. Ulipima. Basi waache wengine nao wapime.

Na tahadhari ya mzungu ina maana moja ambayo hamuisemi: bima. Kampuni nyingi za bima ya safari zikiona serikali imeonya watu wasiende mahali, hazilipi. Vita nayo huwa imeandikwa kando, kwa herufi ndogo, kwamba haimo. Mzungu anajua hilo kabla hajapanda ndege. Wetu anapanda lori hajui hata kama ana bima ya kitu chochote. Dagaa wana bima? Lori lina bima? Utingo je?

Gia Namba Nane
Lori lina bima. Mzigo mara nyingi unayo. Utingo hana. Dereva inategemea tajiri.

Mama Nasra Temeke
Asante kwa kusema.

Muuza Dagaa Kirumba
Nimesoma yote. Bukavu nimeifuta, nimempigia yule mteja nikamuuliza maswali ya Mwalimu na Mwana Kadutu, la benki na la barabara, akaanza kubadilisha mada. Lubumbashi mdogo wangu bado anataka. Nimemwambia deni lilipwe kwa benki, asirudi na fedha mkononi. Akibeba dola kidogo za njiani ziwe noti mpya, yenye mchaniko kule wanaikataa.

Mwana Kadutu
Chifu bado hajafuta.

Gia Namba Nane
Muuza dagaa, mwambie mdogo wako asipande lori la mtu asiyemjua kwa ajili ya kubana nauli.

Mama Nasra, matajiri wakilazimishwa kuwakatia bima utingo watapunguza posho ya safari. Hilo umelifikiria?

Mama Nasra Temeke
Nimelifikiria miaka yote. Posho ya safari inaliwa njiani. Taja kiasi wanachoweza kupunguza, nami nitakutajia ada ya shule ya mtoto mmoja wa kaka yangu, tuone kipi kinazidi.

Mkenya wa Thika
Hii ya bima ifunguliwe uzi wake.

Mama Nasra Temeke
Itabaki hapa hapa. Gia Namba Nane, nasubiri kiasi.