Gemu za muziki na gemu za bunduki: watu wa Mtwara na Lindi tupeane uzoefu

Korosho Ghafi
Wadau habari za leo. Nimepita Magomeni ya hapa Mtwara nikakuta lile banda la gemu la zamani sasa linauza salfa na mabomba ya kupulizia mikorosho, nikacheka peke yangu barabarani. Wengi mlikuwa mnagombania pedi za mpira pale, mimi ndio yule dogo aliyekuwa anasubiri watu waende kula halafu anamwambia mwenye banda "bro niwekee gitaa". Guitar Hero hiyo, ya kwanza ilitoka 2005, imetengenezwa uichezee kwa gitaa la plastiki lenye vibonye vitano vya rangi, sasa hilo gitaa nani alishawahi kuliona Mtwara hii? Tulibanana na pedi ya kawaida hivyohivyo, rangi zinashuka kwenye skrini, ikigusa mstari unabonyeza, muziki wenyewe wa Wazungu wa kelele sijui hata wimbo mmoja unasema nini lakini vidole vilikuwa vinajua pa kwenda. Siku hizi nacheza za bunduki mtandaoni kama kila mtu na kwa kweli naona ni kitu kilekile, ukichelewa nukta umeenda na maji. Leteni zenu, za muziki au za risasi, hasa tabu mliyopata, maana kucheza hivi vitu ukiwa kusini sio sawa na mtu aliyekaa Kinondoni.

Mtoto wa Mikindani
Kumbe yule wa gitaa ulikuwa wewe?? Tulikuwa tunajua una matatizo hahahaa. Umenikumbusha mbali sana mkuu.

Jero la Mwisho
Naweka kambi hapa.

Binti Ng'apa
Mimi wa Lindi na ni wa gemu za muziki tu, za bunduki zinanipa presha. Nilianza na vile vigae vya piano, Piano Tiles, 2014 ile kila simu ya tachi ilikuwa navyo, unakanyaga cheusi unakwepa cheupe. Kisa changu ni cha babu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpiga ngoma, sindimba zote za upande wa kwao kapiga yeye, basi siku moja kanikuta nachezea simu barazani akasema lete. Akapiga kidogo akanirudishia na sura imekunjamana, anasema mjukuu wangu hii ngoma inanifuata mimi, mimi ndio natakiwa niifuate yenyewe. Nikabaki nacheka ila nilikuja kuelewa baadaye, maana kweli kile kigae ndio kinatoa noti, usipokigusa muziki umenyamaza, kwa hiyo unakimbia tu unavyotaka. Baadaye binamu yangu akaniwekea osu!, gemu nyingine ya muziki, kwenye laptopu, ile iliyotengenezwa na jamaa wa Australia Dean Herbert mwaka 2007, huko muziki haukusubiri, ukikosa unakosa wewe na wimbo unaendelea kama hujazaliwa. Nikasema hii ndio babu angeikubali. Bahati mbaya alikuwa ameshatangulia.

Korosho Ghafi
Dah, pole kwa babu dada. Ila huyo mzee alikuwa anajua kuliko sisi wote humu.

Fundi Redio
Naongezea kwa mnaotumia hedfoni za blututhi kwenye gemu za muziki halafu mnasema simu mbovu. Sauti ya blututhi inachelewa, mara nyingi ni milisekunde 100 mpaka 200 na zaidi, kwa kusikiliza taarabu hujui wala hutaki kujua, lakini kwenye gemu ambayo nafasi ya kupata noti sawasawa ni milisekunde chache kuliko hizo lazima ukose. Tumieni za waya. Au ingieni kwenye setingi, gemu nyingi zina sehemu ya kupima ucheleweshaji, unagonga kwa kufuata mdundo yenyewe inasogeza noti.

Chuma cha Chikongola
Waya wa nini mwaka huu. Mimi nazima sauti kabisa nacheza kwa macho na napata alama kukuzidi.

Fundi Redio
Gemu ya muziki unazima muziki? Haya.

Chuma cha Chikongola
Ndio. Njoo tushindane tuweke buku mezani.

Binti Ng'apa
Mtu anayezima muziki asiongee na mimi jamani.

Shangani Boy
Kwa upande wa risasi mimi nimetoka kwenye Counter-Strike ya kafe. Ile kafe ilikuwa na kompyuta chakavu zimeungwa waya kwa waya, tulikuwa hatuhitaji hata intaneti, wanafunzi tunachangishana, mwenye kafe anatuwekea toleo la 1.6 kuanzia tukitoka shule mpaka adhana ya magharibi. Raha ya pale ni kwamba uliyemuua yuko kiti cha nyuma yako, unamsikia anavyotukana. Na kwenye kompyuta zilezile kulikuwa na Frets on Fire, ya bure kutoka Finland, unainyanyua kibodi kama gitaa, mkono wa kushoto kwenye F1 mpaka F5 na wa kulia unapiga Enter. Mwenye kafe aliipiga marufuku maana kibodi zilikuwa zinarudi mezani hazina Enter. Nasikitika mpaka leo, ile ndio gemu pekee iliyowahi kumfanya mtu aliyesimama nje aingie ndani kuuliza nyie mna nini.

Kilwa Masoko Finest
Hamjui shida nyie watu wa mjini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya kwenda Dar imekatika huku Somanga, magari yamelala, nikasema basi angalau nipo na simu. Haijapita hata wiki mbili nyaya za chini ya bahari nazo zikapata hitilafu huko upande wa Afrika Kusini na intaneti ikawa ya konokono nchi nzima. Kwenye Free Fire mnashuka watu 50 kwenye kisiwa, mimi wakati mwamvuli wangu unafunguka wenzangu wameshamaliza kugawana silaha. Pingi, yaani muda wa simu kuwasiliana na seva kwenda na kurudi, inasoma namba nyekundu mpaka nikadhani ni bei ya pweza.

Mtoto wa Mikindani
Hahahaaa bei ya pweza.

Mtanda Juu
Ila na sisi tunalalamika sana. Chagueni seva ya karibu, ile kompyuta ya gemu mnayounganishwa nayo. PUBG, gemu nyingine ya bunduki, ina Middle East na Europe, pima zote mbili usiku na asubuhi uone ipi ina pingi ndogo, isiwe unang'ang'ania Asia kwa sababu rafiki yako yupo China anasoma.

Chuma cha Chikongola
Huku kwetu Europe ni nzuri kuliko Middle East.

Mtanda Juu
Kwenu wapi? Mimi Lindi Middle East ipo vizuri muda wote.

Chuma cha Chikongola
Lindi mna nini kizuri cha kulinganisha na Mtwara.

Mtanda Juu
Neno Machinga limetoka wapi? Hilo linatosha.

Machinga Asilia
Acheni kwanza mambo ya Lindi na Mtwara, hiyo seva imenikumbusha kitu ambacho sijawahi kukiandika popote. Nilikuwa na skwadi ya PUBG ya kudumu, tulikutana tu kwa bahati kwenye watu wasiojuana, mmoja kwa maneno yake nikajua huyu wa ng'ambo ya Ruvuma, Kiswahili chake cha pwani kabisa halafu anachomekea Kireno na Kimakonde, nikamuuliza unatoka wapi akasema Palma, Msumbiji, wakati ule kazi za gesi zimechangamka kule na yeye alikuwa anafanya vibarua vya jiko kwenye kambi moja. Akawa ananiita mjomba, namwita mjomba, basi ikawa hivyo, kila akipumzika tunaingia. Alikuwa na tabia ya kuacha maiki wazi, unasikia kuku, unasikia watoto, tunamsema lakini habadiliki.

Sasa Machi 2021, tarehe 24, ilikuwa Jumatano, mchana tumeshuka tumekimbilia kwenye nyumba tunatafuta silaha, nasikia milio. Mnajua kwenye simu mtu akipiga risasi karibu, ile ramani ndogo inakuonyesha alama upande zinakotokea. Ramani haina alama. Nikamwambia mjomba nani anapiga, mbona haionyeshi? Kimya. Milio ikarudi tena, mingi, mwenzetu mwingine wa skwadi akaanza kupiga kelele adui yupo juu yupo juu, anazunguka na bunduki hakuna mtu. Ndio mjomba akasema kwa sauti ya chini tu, "mjomba hii sio gemu." Tukacheka wazee. Tukacheka kwa sababu yeye ndiye alikuwa mtani wetu. Mtu wake kwenye skrini akabaki amesimama mlangoni hatembei, maiki ipo wazi, nasikia mwanamke anaita majina ya watu, nasikia kitu kinaburutwa, halafu sauti ikakatika. Yule mtu wake akaendelea kusimama palepale mlangoni mpaka akaja adui akamtungua kirahisi kabisa na yule adui akapiga ile densi ya kushangilia juu yake. Nikazima simu.

Jioni ndio tukaanza kusikia Palma imevamiwa na waasi wenye silaha. Siku zilizofuata huku Mtwara mnajua wenyewe, habari za watu wanaovuka mto, watu waliojificha porini, waliopanda maboti. Mimi nilikuwa kila siku naingia naangalia jina lake kama limewaka kijani. Miezi ikapita. Nikaacha kabisa kucheza.

Binti Ng'apa
Ya Rabi. Akapatikana?

Jero la Mwisho
Malizia mkuu usituache hivi.

Mchambuzi Huru
Chai hii. Palma siku ile mawasiliano yalikatika, kila mtu anajua. Huyo aliongeaje PUBG?

Machinga Asilia
Yalikatika baada ya uvamizi kuanza, sio kabla. Na nimeandika sauti ilikatika. Ulitaka nikuletee risiti ya bando lake?

Mchambuzi Huru
Sijasema hivyo, nimesema tuwe makini na stori za mitandaoni.

Mama Nanyamba
Ukae kimya wewe kijana. Kuna watu tulipokea ndugu zetu kipindi kile wamekuja na nguo walizovaa tu, hawana hata viatu. Kama hujui nyamaza.

Mchambuzi Huru
Samahani mama. Naendelea kusoma.

Machinga Asilia
Alipatikana. Karibu mwisho wa mwaka uleule nikapata ujumbe kutoka akaunti ngeni, "mjomba umeshaua wangapi leo", nikajua ni yeye. Alitembea porini na mkewe mpaka wakapata boti ya kwenda Pemba, ile Pemba ya Msumbiji sio ya kwetu. Kaka yake hawajamuona mpaka leo. Nikamwambia basi tuingie hata mechi moja, akasema hapana, akisikia ule mlio hata wa kwenye simu ya mtoto wa jirani anajikuta anatafuta mlango. Sasa ana gemu ya kugonga noti tu, ananitumia picha za alama zake usiku. Mimi hizo gemu sina kipaji kabisa, nimepakua kwa ajili yake, ananinyanyasa.

Korosho Ghafi
Nimekosa cha kuandika. Msalimie.

Binti Ng'apa
Mwambie kuna dada wa Lindi anamsubiri tushindane. Kwa heshima.

Chuma cha Chikongola
Mimi nilikuwa nimeandika utani hapa nimeufuta.

Shangani Boy
Kwa kweli tangu hapo hata jina la ile densi ya kushangilia silitaki. Sijui kwa nini huwa tunaipiga.

Mtanda Juu
Tunaipiga kwa sababu na sisi tumepigiwa. Ila nimekuelewa.

Kaka wa Masasi
Samahani nachelewa, nimesoma yote mpaka mwisho. Pole sana mkuu. Mimi nina swali la kawaida tu, mnada wa korosho ukilipa nataka simu ya kuchezea, kuna watu wananiambia RAM, ile kumbukumbu ya kuendeshea programu, ya GB 4 inatosha wengine wananiambia usinunue chini ya 8, nichukue ipi?

Fundi Redio
Kwa gemu za muziki RAM 4 inatosha kabisa. Kwa za bunduki chukua 6 kwenda juu, na angalia skrini iwe ya hezi 90 au 120, yaani inajichora upya mara 90 au 120 kwa sekunde, kidole kinajibiwa haraka.

Kilwa Masoko Finest
RAM sio tatizo huku, tatizo bando. Nunua ya bei ndogo chenji weka bando.

Chuma cha Chikongola
Usinunue wakati wa mnada, wauza simu wanawaona mnavyokuja na hela za korosho wanapandisha. Subiri mwezi wa tatu watu wameishiwa wanaziuza zilezile.

Kaka wa Masasi
Mwezi wa tatu na mimi nitakuwa nimeishiwa.

Mama Nanyamba
Lipia watoto ada kwanza.

Mtoto wa Mikindani
Mama kamaliza hahaha. Ila Shangani Boy rudi hapa, ile ya kunyanyua kibodi bado inapatikana? Nina laptopu ya zamani imekaa tu.

Shangani Boy
Ipo, ni ya bure mpaka leo, na haina mbwembwe, mashine yoyote inaibeba. Tatizo laptopu utainyanyuaje kama gitaa. Tafuta kibodi ya nje yenye waya mrefu, pale sokoni kwa wauza vifaa vilivyotumika huwa hazikosekani, ila ijaribu Enter kabla hujatoa hela.