Kuni: nimuuzie dalali miti ikiwa imesimama, nipasue nikaushe mwenyewe, au nichome mkaa?

Kijana wa Mdabulo
Wakuu habari za humu. Nina shamba la miti aliloacha marehemu baba, nataka kulivuna lote mwaka huu. Kuna dalali anaitaka miti ikiwa imesimama, anakata mwenyewe, anabeba mwenyewe, mimi napokea hela tu. Rafiki yangu anasema nisikubali, nikate, nipasue, nikaushe, niuze kuni kavu. Mjomba naye ameng'ang'ania mkaa. Dalali anataka jibu kabla ya Jumamosi. Kipi kinalipa? Hasa waliowahi kufanya.

Mzee wa Kabari
Miti gani? Mikaratusi, misindano au miwati? Ina umri gani, ekari ngapi, Fuso inafika shambani au inaishia barabarani? Umekuja hospitali hutaki kusema unaumwa wapi.

Fuso Mbili
Na dalali ametaja shilingi ngapi? Hapo ndipo pa kuanzia, umepafunika.

Kijana wa Mdabulo
Samahani wakuu. Ni mikaratusi, ina kama miaka tisa, ekari mbili na kidogo. Dalali amesema milioni mbili kwa shamba zima. Gari linafika, ila si upande wote.

Mpwa wa Lupembe
Miaka tisa halafu unawaza kuni! Ingia shambani na kamba, pima ile iliyonyooka. Yenye unene na urefu ni nguzo za umeme hizo. Isiyofika unene wa nguzo ni mirunda, mafundi wa ghorofa wanaihitaji kila siku. Kuni ni kinachobaki: vilele, matawi manene, iliyopinda. Dalali hatapasua hata gogo moja kabla hajachagua nguzo zake. Wewe atakulipa bei ya kuni, kisha ataziuza nguzo.

Mzee wa Kabari
Hapo kwa mpwa nakubali. Jambo jingine ni visiki. Mkaratusi unachipua ukikatwa vizuri: chini karibu na ardhi, kata ya mshazari ili maji yasituame, gome lisichunike. Machipukizi yakija unabakiza mawili au matatu yenye nguvu, una shamba jingine bila kununua miche. Vijana wa dalali wanalipwa kwa mzigo. Watakata usawa wa kiuno na kuangushia magogo juu ya visiki, kisha wanaondoka. Ukimuuzia, andikishaneni jinsi ya kukata.

Mama Tanuri
Kaka Mdabulo, mimi nina tanuri la mikate Iringa mjini, niko upande wa mnunuzi. Mnunuzi wa kweli hataki "kuni", anataka kuni kavu za urefu mmoja. Zangu ni urefu wa mkono, unene wa kifundo. Mtu akileta mzigo sisikilizi maneno. Naokota vipande viwili katikati ya gari, si juu, navigonga. Kikavu kinalia kama sahani, kibichi kinasema "dufu". Naangalia vichwa kama vina nyufa, nabandua gome na ukucha. Kuni mbichi tanuri halipandi moto, mkate unakaa ndani mpaka unakauka kabla haujaiva, na moshi wote kwa jirani ambaye ameshanipeleka kwa mtendaji.
Na nikiwa na uhuru wa kuchagua, nachukua miwati kuliko mikaratusi. Makaa yake yanakaa.

Mpwa wa Lupembe
Mama umenena. Njombe huku TANWAT, ile kampuni ya miwati, wanafua hadi umeme kwa magogo. Muwati ndio mti.

Jirani wa Mabanzi
Mnamdanganya mtoto wa watu. Hapa Mafinga nani ananunua kuni zilizopasuliwa? Kila kiwanda cha mbao kina mlima wa mabanzi nyuma, yale maganda ya magogo yanayobaki wakichana mbao, guta zima unapata kwa hela ya soda. Mama lishe wote wanapikia mabanzi. Akapasue ekari mbili amuuzie nani?

Mama Tanuri
Mabanzi ya msindano hayo. Yanawaka kama karatasi, yanajaza masizi, ukigeuka yameisha. Ya chai ya asubuhi sawa. Ya tanuri hapana.

Mzee wa Kabari
Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana rafiki yake amemwambia "kausha" kana kwamba ni kuanika dagaa.
Mkaratusi ukikatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Siri ya kwanza: pasua ukiwa mbichi. Ukiacha magogo yakauke mazima utavunja mipini yote ya kijiji, nyuzi zake zimejisokota, shoka linarudi usoni. Usianzie katikati ya gogo pia. Anzia pembeni, ondoa vipande vya ubavuni ukizunguka, moyo utabaki mwembamba na utapasuka wenyewe. Kabari mbili za chuma na nyundo nzito. Kabari ya kwanza ikinasa, ya pili inaikomboa.
Kupanga: weka vijiti viwili virefu chini, kuni isiguse udongo, la sivyo mchwa watakula faida. Safu moja moja, upepo upite. Juu funika kwa mabati mabovu, ubavuni acha wazi. Ukifunga turubai hadi chini umetengeneza chumba cha ukungu.
Na gogo lisilopasuliwa laweza kumaliza mwaka, nje limepauka, ndani bichi.

Kijana wa Mdabulo
Asante mzee. Inachukua muda gani?

Mzee wa Kabari
Inategemea uko wapi. Ukipasua mwezi wa tano mwishoni mvua zikikatika, sehemu yenye jua na upepo, mwezi wa kumi zinalia sahani kwa Mama Tanuri. Ila Mdabulo naijua, upande wa mashamba ya chai Juni na Julai ni ukungu na manyunyu hadi saa sita mchana. Ningekuwa wewe ningepasulia shambani, nikakaushia Mafinga au chini zaidi.

Fuso Mbili
Hapo kwenye "nje limepauka, ndani bichi" naomba niseme yangu.
Nilinunua mzigo kwa mtu mmoja huku huku Mufindi, akaapa kwa watoto wake kuwa kuni zina miezi minane. Nikazitazama, vichwa vimepasuka, rangi ya kijivu, safi. Nikapakia, nikakata TP (kibali cha kusafirisha mazao ya misitu), nikalipa ushuru wa halmashauri, safari hadi kiwanda kimoja cha chai sitakitaja. Getini akatoka kijana na kipima unyevu, kile chenye meno mawili. Akachoma nje ya kipande, namba nzuri, nikaanza kutabasamu. Akaita mwenzake mwenye shoka, wakapasua kile kipande, akachoma moyoni. Asilimia 34. Wao hawataki izidi 20. Akachukua kingine, kile kile. Akafunga daftari.
Nikabembeleza, wapi. Akaniambia kuni bichi ikiingia kwenye boila mvuke unashuka, majani yanalala kwenye mashine, yeye ndiye anaitwa ofisini. Sikuweza kumlaumu. Saa kumi na mbili ikanikuta pale, na wakati huo mazao ya misitu yalikuwa hayatembei usiku, ukikamatwa gari linabaki kituoni. Tukalala getini, baridi ya Mufindi mnaijua, dereva ananidai posho ya kulala, utingo anadai yake. Asubuhi nikapata mchoma tofali, akanipa hela iliyotosha mafuta tu. Yule muuzaji nilipompigia alisema "labda zimelowa njiani". Jua kali tangu tunaondoka!
Tangu siku hiyo sinunui kuni ambayo sijaiona inapasuliwa.

Jirani wa Mabanzi
Ungekuwa na mabanzi yangu ungelala nyumbani.

Fuso Mbili
Kaka wewe una hisa kwenye hayo mabanzi?

Mwalimu Mstaafu
Naona hakuna aliyetaja shule. Zamani shule za bweni ndizo zilikuwa mteja mkubwa, lori kwa lori. Kijana asipige hesabu hizo. Taasisi zinazopika kwa watu zaidi ya 100 zilishaagizwa kuachana na kuni na mkaa, na Mei 2024 Rais alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Wapo wanaopikia kuni bado, lakini usiingie mkataba wa miaka na mteja aliyekwisha kuagizwa aache.
Pili, umesema gari halifiki upande wote. Ni upande gani? Usije ukaniambia ni bondeni.

Kijana wa Mdabulo
Ni bondeni mwalimu. Kama robo ya shamba iko kwenye vinyungu vya zamani, yale mashamba ya bondeni ya kiangazi, mto uko pale chini.

Mwalimu Mstaafu
Nilijua. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni. Mikaratusi hiyo haikupaswa kuwepo, inakunywa mto. Ukiikata, usiiache ichipue.

Mpwa wa Lupembe
Mwalimu, hii ya mikaratusi kunywa mto mnaikuza. Kila mti unakunywa. Mbona mashamba yamezunguka Mufindi nzima na mito ipo?

Mwalimu Mstaafu
Ipo kwa ramani. Njoo Septemba nikuonyeshe vinyungu vilivyokuwa vinatoa mahindi mabichi kiangazi, leo unatembea na viatu vya kanisani.

Mzee wa Kabari
Mnatoka nje ya mada. Ya bondeni ina swali jingine: nani atapandisha magogo? Kutoa kuni kwa kichwa hadi barabarani ni gharama kuliko kupasua. Hiyo robo ndiyo ningempa dalali, tena kwa bei yake tofauti.

Mjomba Tanuru
Kwa hiyo mkaa mmeuruka kimya kimya? Bondeni choma mkaa pale pale, unapandisha magunia badala ya magogo. Mzigo unakuwa mwepesi na mnunuzi anakufuata.

Mzee wa Kabari
Kwa tanuru la udongo unatia kilo saba, nane za kuni unatoa kilo moja ya mkaa, na hapo mchomaji anajua kazi. Akisinzia usiku mmoja, unafukua majivu. Na kibali cha mkaa utakifuatilia mpaka soli iishe.

Fuso Mbili
Mimi swali langu ni kipimo. Ukiuza, unauza kwa tripu au kwa mita? Tripu ya Fuso ni uongo mtupu, mtu anajaza pembeni katikati anaacha pango.

Mama Tanuri
Kwa mita, zimepangwa, mita moja urefu, upana na kimo. Na muuzaji wa kuni kavu asikubali kamwe mzani, atakuwa amekausha hasara yake mwenyewe.

Fuso Mbili
Hata mita wanapanga kwa kupishanisha vipande kama kiota cha kunguru.

Mama Tanuri
Kwangu anapanga kijana wangu.

Kijana wa Mdabulo
Nimewaelewa wakuu. Nimempigia dalali kuhusu nguzo, ghafla amepanda hadi milioni tatu na nusu, akasema tusiongee sana na watu wa mitandaoni. Mama mdogo naye kaingia, anasema nitoe visiki vyote nipande parachichi.

Mpwa wa Lupembe
Amepanda bila hata kufika shambani? Usikubali, tafuta mtu akupimie nguzo kwanza. Halafu mama mdogo ana akili, parachichi aina ya Hass huku kwetu imejenga nyumba.

Jirani wa Mabanzi
Imejenga kwa nani? Mwaka jana wengine wamelisha nguruwe.

Mpwa wa Lupembe
Walipanda miche ya barabarani hao. Tafuta iliyobebeshwa, kitalu kinachojulikana.

Mwalimu Mstaafu
Na visiki vya mikaratusi atavitoaje? Kwa jembe?

Mjomba Tanuru
Visiki vinatoa mkaa mzuri sana.

Mama Tanuri
Mpwa, hiyo miche ya Hass inakwenda bei gani kwa sasa? Nina nusu ekari Kalenga.